Majina ya Kumnywesha Dastan

Daktari alipomwambia Benedikta kwamba mtoto wake ana tundu kwenye moyo, Benedikta hakulia. Aliuliza tundu liko wapi. Daktari, mwanamke kijana wa hospitali ya rufaa kule Mwanza, akachora moyo kwenye kipande cha karatasi, akaweka nukta katikati ya vyumba viwili vya chini.

"Litaziba lenyewe?"

"Mengine huziba. Hili ni kubwa, atahitaji upasuaji Dar. Lakini kwanza aongezeke uzito, na hapo ndipo penye kazi, maana kunyonya kunamchosha. Mpe dawa yake, kamua maziwa, mnyweshe kwa kikombe kidogo kidogo. Mrudishe mwezi ujao. Uzito usipopanda tutamlaza, tumlishe kwa mpira wa puani."

"Kukamua najua," Benedikta akasema.

Alikuwa afisa mifugo wa kata, mwenye stashahada yake, na ndama waliozaliwa dhaifu alikwisha kuwainua wengi. Alirudi Bariadi na mtoto mgongoni, akaipanga nyumba kama anavyopanga zizi lililoingiliwa na ugonjwa. Wageni mwisho barazani. Mwenye mafua asifike hata barazani. Kina mama wa jumuiya walioleta kuku na unga walishukuriwa kupitia dirishani, wakaenda zao wakinong'ona.

Mama mkwe wake, Mboje, hakuwa mgeni. Alikuwa amekuja kutoka Mwamapalala kumuuguza mzazi, kama inavyopasa. Lakini asubuhi moja Benedikta alimkuta ameshika kijiko cha maji ya mizizi, mdomo wa mtoto uko tayari wazi. Akamnyang'anya kijiko.

"Mayu, moyo wake hauwezi maji ya ziada. Ukimpa haya utamuua."

Maneno laini yalikuwepo, ila Benedikta hakuwa mtu wa kuyatafuta. Tangu siku hiyo Mboje alipika, alifua nepi, alichota maji, akawa anamtazama mjukuu wake kutokea mlangoni.

Uzito haukupanda. Kila alipompeleka zahanati kupimwa, mshale wa mizani ulisimama palepale. Benedikta alijua kosa si maziwa. Alimkazania mtoto amalize kikombe kabla usingizi haujamchukua, na mtoto alijitahidi, paji la uso likilowa jasho, mbavu zikizama na kuibuka, kisha akatapika yote. Benedikta alipoweka kidole kifuani pake alisikia mtetemo, kama wa mashine inayosaga mbali. Akaondoa kidole, akaenda kukamua tena.

"Muachie mama akusaidie," alisema Masunga, mumewe, alipotoka kazini kwenye kinu cha pamba na kumkuta amesinzia wima.

"Anisaidie nini? Mizizi?"

Masunga, kati ya mke na mama, alikuwa amejifunza kutazama viatu vyake.

Kesho yake kikombe kilimponyoka Benedikta. Alikuwa amefumba macho kidogo tu. Maziwa yote aliyokamua tangu alfajiri yakamwagika mapajani mwake, na mtoto akaanza kulia ule mlio wake mwembamba wa kuishiwa pumzi. Alikamua tena, yakatoka ya kufunika sehemu ya chini ya kikombe tu.

"Ng'winga," Mboje akaita kutokea mlangoni. Bado alimwita bibi harusi, ingawa harusi ilikuwa ya zamani. "Lete mtoto. Nenda ukanywe uji. Ng'ombe asiyekula unamkamua nini?"

Benedikta akasimama. Akampa mtoto, akampa kikombe.

"Maziwa tu. Hakuna kingine."

"Nimesikia. Sina kijiko, nipekue."

Mboje akanawa mikono bila kuambiwa, akakaa, akamwinua mtoto kidogo.

"Mwangaluka, Ndaki," akamsalimu.

"Anaitwa Dastan."

"Hilo la padri, sina ugomvi nalo. Namtafuta wa kwetu. Mtoto anayekataa kunyonya anadai jina. Tunamtajia waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka akubali."

Akamgusisha kikombe mdomoni. "Ndaki." Mtoto akapata funda, akameza. Mboje akaondoa kikombe, akamtazama usoni, akangoja jibu kama unavyomngoja mkubwa mwenzako, bila kumharakisha. "Hapana, siye. Ndaki alikuwa mpenda ugomvi. Haya, Salu." Funda. "Salu alihamia Lingeka na ng'ombe wake wote, akaacha mke. Ulimtaka huyo? Hukumtaka."

Benedikta alifungua mdomo amkatize, akaona paji la uso la mtoto. Lilikuwa kavu. Mboje alisimulia mambo ya Salu, na mtoto akatumia muda huo kupumua. Likaja jina la Joakim, funda, na habari ya Joakim na fisi. Benedikta akabaki amesimama na bakuli la uji, hanywi. Kikombe kikaisha. Wakangoja. Hakutapika.

"Amekubali lipi?"

"Hata moja. Mkaidi kama mama yake."

"Basi mchana muulize tena," Benedikta akasema, akaketi, akanywa uji wake wote.

Wakapokezana. Benedikta akalala, na maziwa yakarudi. Ukoo wa Masunga ulipoisha Mboje alihamia kwa wajomba, wajomba walipoisha akawataja ng'ombe: yule mweusi mwenye baka shingoni, yule mwekundu aliyeuzwa kwa ada ya Masunga. Zamu ya Benedikta ilipofika, majina ya wakwe hakuyajua, akataja alivyovijua.

"Kimeta." Funda. "Chambavu." Funda. "Homa ya mapafu."

"Wewe!" Mboje akapiga kelele kutoka jikoni. "Unamtajia mtoto magonjwa?"

"Yote yana chanjo, mayu."

"Nyamaza! Sema Januarius, ni mdogo wake babu. Alikufa ameshiba."

Benedikta akasema Januarius.

Mwezi ulipofika wakaenda Mwanza wote watatu. Muuguzi alimweka Dastan kwenye mizani, akasoma, akamshusha, akampandisha upya. Daktari akaja kutazama mwenyewe.

"Amepanda. Si sana, lakini amepanda. Mmefanyaje?"

"Bibi yake anamtafutia jina," Benedikta akajibu, na hakufafanua zaidi. "Dar lini?"

Daktari akasema atapiga simu leo, wajiandae kwa wiki hii au ijayo. Akasema pia, bila kupindisha, kwamba upasuaji ni upasuaji na baadhi ya watoto hawarudi. Benedikta aliitikia kwa kichwa. Alipendelea kuambiwa hivyo.

Mboje alikuwa kwenye benchi la nje, kikombe amekifunika kwa kitambaa.

"Tunakwenda Dar," Benedikta akamwambia.

"Wewe na nani?"

"Na wewe."

Dunia yote aliyowahi kuitembea Mboje ilikuwa kati ya Mwanza na Mwamapalala.

"Na kuku wangu?"

"Masunga ana mikono. Mayu, watampasua kifua. Akizinduka atahitaji kunyweshwa polepole, na mimi polepole siiwezi."

Mboje alimchukua mtoto, akamweka begani, akapapasa ule mgongo wake mdogo.

"Nitahitaji viatu," akasema.