Sauti ya Daktari

Ifahamike kwa wote kwamba mimi, Mhina wa Kidato cha Tatu, nilikuwa bingwa wa kuigiza sauti za wakubwa. Cheo hicho nilijipa nikiwa nasugua vyoo vya bweni, adhabu ya kumwigiza mwalimu mkuu.

Likizo ya Juni, nyumbani Mkata, nilimchezea mjomba.

Mjomba Muhidini alikuwa na miaka thelathini na minne. Baridi yabisi ya uti wa mgongo ilimwanza angali kijana, ikamkakamaza mgongo, ikashuka ikafunga nyonga zote mbili. Alikula amesimama, akaswali amesimama. Ukimwita aligeuka mzima mzima, kama mlango. Hospitalini aliambiwa mgongo utabaki hivyo, lakini nyonga anaweza kuwekewa za bandia. Asubiri simu, madaktari bingwa wakija Korogwe.

Nilijificha nyuma ya ghala la mahindi na laini ya simu ya Clinton, mwenzangu wa bweni, namba ambayo mjomba hakuijua.

"Bwana Muhidini? Hapa hospitali. Njoo kesho, usile kitu."

"Daktari, nitaweza kukaa?"

"Utakaa mpaka mkeka uombe msamaha."

Kesho yake alisimama kwenye basi hadi Korogwe. Jioni alirudi amesimama vilevile. Hakuna aliyempigia, walimwambia.

"Kuna mshenzi kanichezea," alimwambia mama. Nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko.

Siku ya nne tulikuwa uani tunamenya mihogo, simu yake ikaita.

"Hospitali? Kamchezee baba yako!" Akakata. Ikaita tena. Mara ya tatu akaizima.

Laini ya Clinton ilikuwa mfukoni mwangu. Niliendelea kumenya.

Jumatatu alifika Rukaya, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Kaka Muhidini, mbona hupokei simu? Nafasi yako kapewa mwingine. Madaktari wameondoka jana."

"Watarudi lini?"

"Hawajasema."

Rukaya alipoondoka, mjomba alibaki ameegemea ukuta, jua likimpiga usoni. Hata kichwa hakuweza kukiinamisha. Nikatafuta neno la kumfariji, likaja lililokuwa karibu.

"Usijali, mjomba. Iko siku utakaa mpaka mkeka uombe msamaha."

Miguu yake ikaanza kujiburuza, kidogo kidogo, mwili mzima ukaifuata. Ilichukua muda mrefu. Ningeweza kukimbia, asingenifikia.

Uso wake ulipofika kwangu, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe:

"Ni mimi."