Kioo Upande wa Pili

Kioo kiligoma tena. Anthea alibonyeza swichi ya boksi lake, taa nyekundu ya betri ikawaka vizuri tu, spika ndogo ikakoroma, lakini kioo kikabaki cheusi tii. Akatukana kwa Kigiriki, lugha aliyokuwa akiitumia kwa shughuli hiyo na kwa kuongea na mama yake.

Gereji ya wazazi wake pale Preston ilikuwa na ile baridi ya Julai ya kusini mwa dunia, inayopenya hadi kwenye mifupa. Kazi ya Anthea ni kutengeneza mashine za kahawa za mikahawani, na mpaka leo hajarudisha hata moja akasema imemshinda. Sasa boksi alilolibuni kwa mikono yake mwenyewe, dogo la kubeba kwapani, lilikuwa linamtia wazimu.

Lilikuwa boksi la kutungia muziki: ngoma, besi, vinanda, vyote humo humo. Wimbo unauandika kwenye kioo kama orodha, mstari chini ya mstari, kila mmoja na nota yake, kisha orodha inateremka na boksi linapiga mstari unaofikiwa. Bila kuiona orodha hujui uko wapi wala unafuta nini. Na Jumamosi Anthea alikuwa ameahidi kupiga peke yake mtaa wa Brunswick, kwenye klabu ya wazee wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, ambayo vijana huikodi jioni.

Hilo neno "peke yake" ndilo lililomkaba. Zamani walikuwa wawili, yeye na mdogo wake Taki, kila mmoja akipiga muziki kwa kigemu chake cha zamani cha mkononi, vimeunganishwa kwa waya ili viende mwendo mmoja. Mara ya mwisho Taki alibadilisha ngoma katikati ya wimbo bila kumwambia mtu, na Anthea akachomoa waya. Mbele za watu, wimbo haujafika nusu. Vigemu vikaenda kila kimoja na njia yake, watu wakadhani ndio mtindo mpya, wakapiga makofi. Taki akakusanya vitu vyake akapanda tramu. Tangu siku hiyo wakikutana kwa mama wanapeana chumvi mezani, basi. Anthea akaapa kutengeneza boksi lisilohitaji mtu wa pili.

Mama aliingia na sahani ya pai ya mchicha, akaiweka juu ya koili za waya bila kuuliza.

"Mpigie mdogo wako."

"Mama, sihitaji mtu. Nahitaji kioo."

"Kioo kiko bafuni. Kajiangalie ulivyo."

Alipotoka, Anthea alikibandua kile kioo chake akague miguu, vile vijipini vya chuma vinavyoingia kwenye matundu ya bodi ya saketi, na hapo ndipo alipoliona kosa. Siku alipochora bodi kwenye kompyuta, kioo kilikuwa kimelala kifudifudi mezani, naye akaichora miguu kama alivyoiona kwa nyuma. Wa kwanza aliuweka pa mwisho, wa mwisho pa kwanza, na kiwanda kikachapa bodi vile vile alivyoagiza. Alitafuta mtu wa kumlaumu, akamkosa, na hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe.

Akajaribu nyaya. Alizilehemu nyembamba nyembamba, zikipishana kutoka mguu hadi tundu lake halisi, na kioo kikawaka! Akaliinua boksi kwa furaha, waya ukakatika. Akaulehemu, akaliinua taratibu, ukakatika mwingine. Boksi la kubebeka ambalo halibebeki. Aliporudia tena alizidisha moto, kipande cha shaba kikabanduka kwenye bodi kama gamba la samaki. Akarusha koleo, likagonga pipa, na mama akauliza kutoka jikoni kama kuna mtu amekufa.

Njia ilibaki moja. Matundu yanapita upande hadi upande, na ukikiingiza kioo kwa nyuma ya bodi, miguu inakaa sawasawa. Akakiingiza, akalehemu, akawasha. Maandishi yakajaa, safi, meupe, hayatikisiki. Ila yalikuwa yanautazama ukuta, kwa sababu vitufe vyote alishavilehemu upande wa mbele, aliokaa yeye.

Akaligeuza boksi, akaona orodha, akapapasa vitufe kwa upande wa pili na kufuta besi yote. Akaenda bafuni akabandua kioo cha kujitazamia na kukisimamisha mbele ya boksi. Kila herufi ikageuka kinyume, na alichodhani ni E kilikuwa 3.

"Anthea! Nani kachukua kioo changu?" mama aliita kutoka ndani.

Anthea alikaa na simu mkononi, amekasirika hadi machozi yakamlenga. Kisha akampigia Taki.

Taki alikuja Ijumaa baada ya kazi, skafu ya timu yake shingoni, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Umelitengeneza mwenyewe, dada?"

"Kaa pale. Mbele yangu. Usiguse kitu."

"Sasa mimi kazi yangu nini?"

"Kusoma."

Taki alitazama kioo, akainama akatazama vitufe, kisha uso wa dada yake. Akacheka hadi akashika meza.

"Umekiweka nyuma! Miezi yote hiyo umejifungia humu ili usinihitaji, halafu umekiweka nyuma!"

"We Taki, soma au toka."

Alijifuta macho. "Haya. Mstari wa nne hauna ngoma."

"Najua."

"Unajuaje na huuoni? Shuka. Shuka tena. Umepitiliza, rudi. Hapo hapo, weka."

Anthea akabonyeza. Ngoma ikaingia, nzito, ikaijaza gereji, na kwa mara ya kwanza tangu boksi lianze kumtesa, Anthea alisahau kukasirika. Taki alipitisha mkono chini ya boksi, akitafuta.

"Waya uko wapi?"

"Hili halina waya."

"Kwa hiyo kesho nikikuudhi, utachomoa nini?"

Anthea alivitazama vitufe vyake, vyote vilivyopangwa vizuri upande wake peke yake.

"Sina cha kuchomoa," alisema.

Taki alikohoa, akasogeza kiti karibu na kioo.

"Mstari wa tano uko wazi," alisema, polepole safari hii. "Kuna ngoma naitaka pale. Ile ile ya siku ile. Nakuuliza kwanza. Tuiweke?"

Anthea akatafuta kitufe kwa kidole, akakibonyeza kabla hajabadili mawazo.