Kaunta Iliyolala Kifudifudi

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi Mama alikusanya makombo kwenye meza ya kulia, akaifuta kwa kitambaa chenye sabuni, akaifuta tena kwa kikavu, kisha akatangaza kwamba kwa siku saba hakuna mtu atakayekula juu ya meza hiyo, kwa sababu anamimina zege.

Hakuna aliyebisha. Tangu astaafu ukarani kwenye ghala la rangi, Mama alikuwa haongei kingine ila kaunta. Alikuwa ametazama video za watu wanaojitengenezea kaunta za zege majumbani mwao mpaka simu ikachemka mkononi. Vipimo alivichora nyuma ya kalenda: urefu mita moja na nusu, upana sentimita sitini, unene sentimita nne, na chini yake nafasi ya kuingiza magoti. Hiyo nafasi ya magoti ndiyo iliyokuwa hoja yenyewe. Miguu yake ilikuwa imetoka mishipa kwa kusimama, na binti yake mkubwa, ambaye ni nesi, alishamwambia mara tatu apumzike. Sasa angepumzika. Vitunguu angekata amekaa, chakula chake angekila amekaa, palepale jikoni, kwenye stuli nyekundu aliyokwisha kuinunua na ambayo bado ilikuwa imevikwa nailoni ya dukani.

Fundi uashi wa nyumba ya pili alikuja kuwaazimisha nyundo ya mpira, akaona mchanga, akaona saruji, akashindwa kuondoka.

"Mama, hii kitu inamiminwa kifudifudi," alisema. "Upande utakaokuja kuwa juu ndio unaolala chini. Na zege ni limbea kweli. Chochote litakachokilalia, litakisema. Ukiacha unywele mmoja, utauona. Nunua ubao mpya."

"Ubao wa nini na meza ipo? Hii fomaika iliyobandikwa juu yake ni laini kama kioo. Naifuta mwenyewe mwaka wa thelathini na moja huu. Ingekuwa na unywele ningeujua."

Basi hapo ndipo kosa lilipofanyika, kama lilikuwa kosa.

Walifunga mbao nne juu ya meza kwa skrubu. Kitindamimba, binti wa chuo mwenye mkono mwepesi, alijaza silikoni kwenye pembe na kuilainisha kwa kidole. Walichanganya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, mbili za kokoto ndogo, na maji kidogokidogo. Baba alishika koleo dakika nne, kisha akajipandisha cheo akawa msimamizi. Walimimina, wakalaza wavu wa chuma katikati, wakamimina tena. Kitindamimba aligonga mbao pande zote kwa nyundo ya mpira, mapovu ya hewa yakapanda na kupasuka, na kila povu lilipopasuka Mama alipiga makofi. Watoto wake hawakukumbuka kumwona na furaha ya namna hiyo, hata siku za harusi za watu.

Kila asubuhi Mama alilimwagia zege maji na kulifunika upya kwa nailoni. Siku ya tatu sauti za chinichini zilianza kusikika chini ya nailoni.

"Mama, kaunta yako inaomba chumvi," Kitindamimba alisema.

"Imwagie maji," Mama alijibu, akaendelea kupiga msasa miguu ya stendi ya mbao itakayobeba kaunta.

Siku ya nane walikusanyika wote kuigeuza. Fundi alihesabu moja, mbili, tatu, wakanyanyua, Baba akapiga kelele kana kwamba mzigo wote uko kwake, na kaunta ikalala chali kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya kijivu, inang'aa, haina povu hata moja. Mama aliruka. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwenye mishipa miguuni, aliruka juu akatua.

Kisha wakaona viwiko. Upande wa kichwani palikuwa na mashimo mawili ya kina, na kando yake bonde la ngumi. Fundi alipoligusa, ilitoka sauti ya Baba: "Maji yako wapi?" Upande wa dirishani vilikuwepo vya Nesi, kidogo ndani ya kikubwa, kuanzia kiwiko cha mtoto wa miaka miwili hadi cha mtu mzima. Vya Kitindamimba vilifuata, pamoja na shavu lake, pale alipokuwa akilala juu ya madaftari. Mkabala palikuwa na viwiko viwili vyembamba, bado vina unyevu.

"Chumvi haijakolea," vilisema.

"Ndiye Bibi yenu," alisema Mama. Mama mkwe wake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Mama alichukua kitambaa akapakausha mahali pake, maana unyevu unachelewesha rangi ya kuzuia madoa.

"Na wewe, Mama, uko wapi?" aliuliza Kitindamimba.

Walitafuta. Fundi alitoa tochi akamulika huku na huku. Viwiko vya Mama havikuwepo mahali popote. Kwenye pembe moja tu, ile iliyokuwa ikielekea mlango wa jikoni, ukingo ulikuwa umelika, umbo la nyonga ya mtu aliyesimama akaegemea, na juu yake ncha za vidole vinne. Nesi aliweka mkono. Ilitoka sauti ya Mama, ya ujana kidogo.

"Kuleni tu, nakuja."

"Hapa pamelika kuliko kote," alisema Fundi, akipima kwa futi kamba. "Sentimita mbili na nusu. Mkitaka nitayaziba mashimo yote kwa saruji laini, nipige msasa, iwe kaunta ya kawaida."

"Thubutu!" walisema wote kwa pamoja, Mama akiwamo.

Nesi aliona aibu. Aliona aibu ya kweli, akafungua mdomo aseme neno. Lakini wenzake walikuwa wameshainama, ikabidi naye ashike pembe yake, wakaibeba kaunta hadi jikoni wakicheka na kugombezana mlangoni. Fundi aliweka pima maji, povu la ndani yake likatulia katikati, wakashangilia.

Jumapili, rangi ilipokauka, hakuna aliyetaka kula kwingine. Kila mtu alikuwa na hamu ya kujaribu viwiko vyake. Walileta viti vya sebuleni, magoti yakaingia bila shida, viwiko vikakaa barabara. Baba alivuta ile stuli nyekundu, akaichana nailoni.

"Nijaribu kidogo tu," alisema, akaketi.

Mahali pa Bibi waliweka kiti pia, kwa kuwa isingekuwa adabu kumruka. Mama alipakua. Alipomaliza alitazama stuli, akatazama viti, kisha akasogea kwenye pembe yake. Nyonga iliingia kwenye bonde lake bila kutafuta, na vidole vinne vikapata mahali pao.

"Mama, kaa basi na wewe," alisema Nesi, mdomo umejaa.

"Kuleni tu, nakuja," alisema Mama, na kaunta ikasema pamoja naye, neno kwa neno.

Kisha sauti iliuliza maji yako wapi. Haikujulikana kama ni ya Baba au ya kaunta. Mama alikwenda kuyaleta.