Programu Iliyowafokea Watu

Kazini walimwita Nukta, kwa sababu kila alipomaliza kutoa hoja yake alisema "nukta" na kuketi, hata kama wenzake walikuwa bado na maswali mdomoni. Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, hodari kwelikweli, na aliamini kwa moyo mmoja kwamba watu hawasomi maelekezo kwa makusudi, ili wamuudhi yeye.

Mwezi ule alikuwa akitengeneza programu aliyoipa jina Chambua. Haikuwa na picha wala vitufe vya rangi. Unafungua dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri moja, nayo inakujibu kwa maandishi, basi. Kazi yake ilikuwa kusoma lebo za vifurushi. Programu kubwa, kama zile ambazo kampuni yao iliziandikia zahanati na maktaba, haziandikwi zote na mtu mmoja. Huungwa kwa vifurushi vidogo vidogo vya watu mbalimbali, na kila kifurushi kina lebo inayotaja jina lake, nambari ya toleo, nani anakitunza, na kinategemea vifurushi gani vingine ili kifanye kazi. Chambua ilizipitia lebo hizo mamia kwa mamia, ikakuambia nani anamtegemea nani, na nani amepitwa na wakati. Kazi iliyowachukua watu wiki nzima iliisha kabla chai haijapoa.

Ubaya wake ulikuwa mdomo. Nukta alikuwa ameiandikia majibu kwa namna anavyojibu mwenyewe. Ukikosea amri, ilisema: "Hujui unachofanya. Soma maelekezo." Ukiwa na kifurushi cha zamani, ilisema: "Uzembe." Yeye aliona huko ndiko kusema wazi.

Ikatokea kwamba mama mkwe wake alikuja mjini kutolewa mtoto wa jicho. Mama huyo alikuwa karani mstaafu; alikuwa ametumikia masjala ya ofisi ya ardhi miaka thelathini na mmoja, akipanga majalada. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, likafungwa. La kushoto lilikuwa bado linangoja zamu yake, nalo liliona kila kitu kana kwamba kimefunikwa chandarua. Daktari akamkataza kuinama, kusoma, na kukata vitunguu kwa wiki mbili. Kulikuwa na dawa ya matone ya kutiwa mara nne kwa siku. Mke wa Nukta alikuwa muuguzi wa meno na hakupata ruhusa, kwa hiyo Nukta ndiye aliyeomba kufanyia kazi nyumbani.

Siku ya kwanza ilikuwa mtihani. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani hivyo, sembuse kumshika kope. Nukta alinawa mikono mara tatu, akaomba radhi mara nne, tone la kwanza likaangukia shavuni na la pili sikioni. Mama akangoja kwa utulivu, kisha akamwambia ajaribu tena, maana jicho lilikuwa palepale lilipokuwa. La tatu likaingia.

Meza ya Nukta ilikuwa nyuma ya mlango wa sebule, mahali ambapo kila anayeingia lazima akigonge kiti chake. Mama aliketi kwenye kochi, hatua mbili kutoka hapo, mikono mapajani, hana la kufanya. Alisikiliza kibodi ikigongwa asubuhi hadi jioni. Jumatano uvumilivu ukamwishia. Akasema kama haruhusiwi kusoma, si vibaya asomewe, na kama hakuna gazeti, basi asomewe hichohicho kinachogongwa.

Nukta alikuwa akitazama orodha aliyoituma kwa barua pepe Jumatatu. Siku hiyo aliipitisha Chambua kwenye vifurushi vya kitengo kizima, na matokeo akawapelekea watu wote, mkuu wa kitengo akiwamo. Aliyeongoza kwa aibu alikuwa mhifadhi wa vifurushi, mama mmoja mpole wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa kwenye kazi hiyo miaka kumi na miwili. Jina lake lilifuatwa na neno "Uzembe" mara kumi na moja. Mhifadhi alijibu kwa mstari mmoja tu, akiomba iangaliwe tena. Nukta akamwandikia kwamba programu haina chuki na mtu. Mkuu naye akaamuru yote yaliyomo kwenye orodha yarekebishwe kabla ya Ijumaa, siku ambayo wateja wangekuja kuoneshwa Chambua. Mpaka Jumatano mhifadhi alikuwa hajagusa hata kifurushi kimoja, na Nukta alishaanza kumwita mkaidi.

Basi akasoma kwa sauti, kwa heshima ya mkwe. "Mbili nukta moja. Mbili nukta kumi. Mbili nukta kumi na moja. Mbili nukta mbili. Mbili nukta tatu..."

"Rudia hapo, baba," mama akasema.

Akarudia. Mama akauliza kwa nini kumi imekaa kabla ya mbili. Nukta akaeleza kwa upole kwamba hayo ni matoleo ya kifurushi kimoja, yamepangwa na mashine kuanzia la zamani hadi jipya, na la tisa ndilo la mwisho.

Mama akamsimulia kwamba masjalani aliwahi kuletewa karani mpya aliyepanga majalada namna hiyohiyo. Aliangalia tarakimu ya kwanza tu. Akiona moja anaitanguliza, bila kujali kama ni moja au mia moja. Jalada la kiwanja cha bibi na bwana mmoja likatafutwa miaka mitatu. Halikuwa limepotea; lilikuwa limeketi na majirani wasio wake.

Nukta akasema, akichagua maneno, kwamba karani ni binadamu, lakini kompyuta haikosei hesabu.

"Sijasema haijui kuhesabu," mama akamjibu. "Nimeuliza kama inajua kuwa hizo ni hesabu."

Nukta akageukia skrini, akaitafuta sehemu ya programu inayolinganisha matoleo. Aliposoma mistari mitano, masikio yakaanza kuchemka. Alikuwa ameiambia Chambua isome nambari za matoleo kama maneno ya kamusi, herufi baada ya herufi, na kwa mpango huo kumi hutangulia mbili kwa kuwa moja hutangulia mbili. Vile vifurushi kumi na kimoja vya mhifadhi vyote vilikuwa vimevuka toleo la tisa. Katika kitengo kizima ni yeye peke yake aliyekuwa amevisogeza mpaka mwisho. Programu ilimwita mzembe kwa sababu alikuwa amewapita wote kwa bidii.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Barua ya kuomba radhi ilikula mchana wote.

Ya kwanza ilisema: "Kumetokea hitilafu katika ulinganishaji wa matoleo." Mama akataka kusomewa.

"Nani amekosea?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Mbona simsikii humo?"

Nukta akaifuta, akaandika nyingine. Mama akataka kujua barua ya Jumatatu ilisomwa na nani; akaambiwa ni wote. Akasema basi na hii isomwe na wote, tena kabla ya kuisoma wao, mwenye kutukanwa aisikie kwa mdomo wa aliyemtukana.

Alhamisi, baada ya matone ya asubuhi, Nukta akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mhifadhi alikuwa mezani kwake, akifuta miwani kwa ncha ya kitambaa. Nukta alikuwa ameandaa maneno njia nzima, lakini yalipofika mdomoni yakabaki mawili tu: "Nimekukosea, dada."

Mhifadhi akamwambia aketi. Akasema alijua tangu Jumatatu saa tatu asubuhi. Nukta akamuuliza kwa nini basi hakumwambia wazi. Akajibiwa kwamba aliandika akiomba iangaliwe tena, akajibiwa kuhusu chuki, akaona heri angoje na kuhesabu siku.

"Nilikadiria wiki mbili," akasema. "Umetumia siku tatu. Umejitahidi. Uligunduaje?"

Nukta akakohoa. "Aliyegundua ni mama mkwe wangu. Jicho moja lina bandeji, la pili haoni vizuri."

Mhifadhi akacheka mpaka miwani aliyokwisha kuisafisha ikalowa. Alipotulia akasema barua itamtosha, ila ana sharti moja: neno lile "Uzembe" litoke, asilione tena katika maisha yake, hata kama siku moja litamstahili mtu mwingine.

Nukta akarudi nyumbani, akaituma barua kwa wote, akahesabu majibu yote ya Chambua. Yalikuwa sabini na manne. Akamsomea mama moja baada ya jingine, na mama akayageuza kwa namna alivyokuwa akiwajibu wananchi kwenye dirisha la masjala. "Hujui unachofanya" likawa "Amri hii siifahamu, iliyo karibu nayo ni hii, tuijaribu?" Lebo isiyokamilika ikaambiwa: "Kifurushi hiki hakijasema kinategemea nini. Tafadhali muulize mtunzaji wake." Hawakukubaliana kila mahali. Mama alitaka neno "pole" liwemo karibu kila mstari, Nukta akasema pole thelathini katika ukurasa mmoja ni kama matanga. Wakavutana mpaka matone ya saa kumi, wakapatana kwenye nne. Mkewe alipoingia, mlango ukagonga kiti kama kawaida, akawakuta wakibishana kuhusu "tafadhali" kama ndugu waliolelewa pamoja. Akatoka tena taratibu, akaenda kubadilisha nguo.

Ijumaa wateja walipokwisha kuketi, mkuu wa kitengo akapuuza makubaliano kwamba Nukta ndiye ataonesha, akaisogeza kibodi kwake ili awaoneshe mwenyewe. Akaandika amri, akaikosea. Nukta akakumbuka ambavyo wiki iliyopita mkuu angeambiwa mbele ya wageni. Dirisha jeusi likajibu: "Samahani, amri hii siifahamu. Iliyo karibu nayo ni 'orodhesha'. Tuijaribu?" Mkuu akaijaribu. Orodha ikashuka ikiwa imenyooka, toleo la kumi baada ya la tisa. Mkuu wa maktaba, mteja mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasema mashine yenye adabu hiyo angeipokea hata leo. Mkuu wa kitengo akamweleza kwamba adabu ni sera yao ya miaka mingi. Nukta na mhifadhi wakaangaliana, kisha kila mmoja akapata kitu cha kutazama kwenye dari.

Chambua nayo ilikuwa kifurushi, na kifurushi lazima kiwe na lebo. Jumatatu Nukta akakaa kuijaza. Penye watunzaji akaandika jina lake. Akasita, akamuuliza mama kama ataridhia kutajwa kwa yale majibu. Mama akaridhia, mradi iandikwe "karani mstaafu" na anwani yake ya barua pepe iwe sahihi, maana alikuwa ameona ofisi nyingi zikitoa anwani zisizofika popote.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichotaka mama kuona ni lile dirisha jeusi. Akalitazama kwa muda, akasema alidhani ni kubwa zaidi. Siku ya tatu akarudi kwake.

Barua zikaanza kumfikia. Watu wasiomjua, wa mbali, waliosoma lebo. Mmoja alishukuru, mwingine alilalamika kwamba jibu la arobaini ni refu, halienei kwenye mstari. Mama akalipunguza maneno mawili, kisha akampigia simu mkwewe kumwarifu kwamba toleo jipya linatakiwa kutoka Jumatatu. Nukta akaeleza kwamba kitengo hutoa matoleo mwisho wa mwezi, kuna utaratibu.

"Nimeshamjibu mtu kuwa ni Jumatatu, baba," mama akasema, na simu ikakatika.

Likatoka Jumatatu, saa nne asubuhi.