Kisutu Ndani ya Kofia ya Chifu

Mke wangu Mbodze alikufa kwa sababu Chifu Tembo alipenda kofia. Wapo wanaosema ni kudura ya Mungu, na mimi Mungu simbishii. Lakini si Mungu aliyekuja nyumbani kwangu Bongwe kuichukua kofia ile. Alikuja Chifu na askari wake wawili, mwaka wa pili wa Uhuru, mchana kweupe, nami nikiwapo.

Nianzie mwanzo, maana sikusoma zaidi ya darasa la pili, na nikianzia kati nitapotea.

Watu wa afya walileta baiskeli nane kwa wanawake waliofunzwa ukunga, wapate kuzunguka vijijini kuwaangalia wajawazito. Kila baiskeli ilikuja na kofia yake: ngumu, nyeupe, yenye ukanda wa kufungia kidevuni. Daktari aliyezigawa aliwaambia asiyevaa kofia asipande, na Mbodze akalirudia neno hilo nyumbani mpaka likanichosha.

Mimi nilicheka. Nasema kweli, nilicheka pamoja na wengine. Kila aliporudi jioni nilimwambia uyoga umeota tena uani. Naye akijibu, huku akifungua ukanda, "Cheka wewe, baba Biasha. Kichwa ni changu."

Kofia ilikuwa kubwa, ikimcheza kichwani. Basi akatoa kisutu chake kwenye sanduku, kile alichojifunga siku ya harusi yetu, chekundu na cheusi na cheupe, akakata pindo lake, akalikunja mara nne na kulishonea ndani ya kofia pande zote. Niligomba. Kisutu cha harusi hakikatwi. Akasema kisutu kimelala sandukuni miaka ishirini na mmoja kikinukia udi tu, sasa nacho kifanye kazi.

Mwezi wa tatu mbuzi alimkatia njia kwenye mteremko wetu. Baiskeli ikapinduka, naye akaenda kichwa mbele juu ya jiwe. Alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli, goti linavuja damu, na kofia ina mchubuko mrefu kama kidole. Anacheka. Mimi ni mchonga mawe, nawachongea wanaojenga mahoteli kule Diani. Najua jiwe la matumbawe likikutana na kitu ni nani hushinda. Niliupitisha mkono juu ya mchubuko ule, na tangu siku hiyo neno uyoga halikunitoka tena mdomoni.

Kisha ikaja sikukuu ya Madaraka. Palikuwa na mkubwa atakayekuja kutoka Nairobi, na Chifu Tembo akaona kofia ya mke wangu inafanana na zile walizovaa mabwana shauri wa kikoloni. Wazungu wale wale tuliosherehekea kuondoka kwao! Akaja kuiazima, kwa siku moja tu. Mbodze akampa. Nani atamnyima Chifu?

Sikukuu ikapita, ukapita na mwezi. Tukasikia zile saba nyingine zimekwenda njia hiyo hiyo, kila chifu na yake. Mbodze alikwenda kuidai, akaambiwa arudi siku nyingine. Mara ya pili nilimsindikiza. Tulimkuta Chifu barazani kwake, kivulini, anamenya chungwa, na kofia iko kichwani, ukanda umefungwa. Kivulini, juu ya kiti! Sijui aliogopa kuanguka kutoka wapi.

"Mama, hii sasa ni alama ya serikali," akamwambia. "Wewe una leso. Jifunge leso yako. Kichwa cha mwanamke leso yatosha."

Askari wakacheka. Mbodze akaaga kwa adabu, tukaondoka.

Nilimwambia aache kazi. Akaniuliza nani atakwenda Munje kumwangalia mwenye mimba ya mapacha. Akaendelea kupanda baiskeli na leso kichwani, na mwezi wa tisa mnyororo ulichomoka kwenye mteremko ule ule.

Nilipofika, mkono haukuwa na hata mchubuko. Goti zima. Mkoba wake wa dawa haukuvunjika chupa. Ni kichwa peke yake. Alilala hospitalini siku mbili, hakufumbua macho. Dresa, yule mfunga vidonda, aliyenikabidhi nguo zake aliniuliza, kwa upole, kwani hakupewa kofia. Nikamwambia alipewa.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Chifu akaita baraza ili kumtaja mkunga atakayerithi baiskeli. Aliyetajwa ni Biasha, binti yangu. Alikuwa akifunzwa tangu mamake yu hai. Nilikuwa nimemkataza, naye akanijibu kwamba mamake ameacha wajawazito kumi na mmoja, je, mimi nitawazalisha? Nikaacha kumkataza. Lakini niliapa kwamba mwanangu hatashuka mteremko ule kichwa wazi. Yule hapana.

Chifu alisimama mbele ya watu, kofia nyeupe inang'aa, akasema Biasha ataanza Jumatatu. Nikainuka bila kuitwa. Nikamwamkia. Nikamuuliza iwapo anajua kupanda baiskeli.

Watu wakaguna. Kila mtu Bongwe ajua kwamba Chifu Tembo hajui.

Akaniambia nikae. Nikasema nitakaa akiisha kumpa mkunga kofia yake. Akasema ni mali ya serikali, na mimi mtu wa mawe nisimfundishe serikali ni nani. Askari mmoja akaanza kunijia. Niliona nimeshindwa: kwa maneno ya serikali sitamweza, maneno hayo ni yake. Basi nikasema langu.

"Sawa, Chifu. Kofia ni ya serikali. Na kisutu kilichomo ndani ni cha serikali pia?"

Askari akasimama. Nikaeleza taratibu, ili wasikie hadi walioko nyuma. Ndani ya kofia ile mmeshonewa pindo la kisutu, chekundu na cheusi na cheupe, kwa uzi wa buluu kwa kuwa mweupe uliisha. Ni kisutu alichofungwa Mbodze siku aliyoingia nyumbani kwangu. Chifu amekivaa tangu Madaraka, mwenyewe akiwa hai, na sasa akiwa kaburini.

 Mbele, kwenye mkeka, alikuwa amekaa bibi Sidi, mzee kuliko wote, ambaye hata wazungu hakuwahi kuwaogopa.

"Tembo mwanangu," akasema, "umejifunga kisutu cha mke wa mtu?"

Mwanamke mmoja akacheka. Kisha wote. Wanaume walitazama chini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Chifu aliupapasa ukanda, ukamkatalia, akauvuta hadi sikio likawa jekundu. Alipoivua kofia hakumpa mtu. Aliiweka mezani, akafuta vidole kwenye suruali, na pindo likaonekana na watu wote, limefifia kwa jasho lake.

Biasha akaenda kuichukua. Nikamwambia akalifue pindo kabla ya kuvaa.

"Na wewe Chifu," nikasema, "ukisikia baridi kichwani, jifunge leso. Yatosha."

Jumatatu asubuhi nilimfunga Biasha ukanda kwa mkono wangu, nikatia kidole chini ya kidevu kuona haulegei. Niliketi njiani nikamtazama akishuka mteremko wote, mpaka kile cheupe kikapotea kwenye minazi. Sikuona raha yoyote. Nilikuwa nawaza kwamba kulisema lile kulinichukua muda mfupi kuliko kuchonga jiwe moja, na siku ile ya chungwa nilikuwa nimesimama pale pale, uzi wa buluu nilikuwa naujua, na nikanyamaza kwa kuwa ni Chifu.

Kofia zilikuja nane. Imerudi moja. Wanawake saba wanapanda baiskeli za serikali na leso kichwani, na vichwa saba vya wakubwa vimekaa salama kivulini. Sijui ndani ya hizo wameshona nini. Lakini chifu wa upande wa Msambweni ana baraza Ijumaa, nami nimewaambia wajenzi wa Diani kwamba siku hiyo sichongi mawe.