Kinyozi na Mti wa Nyuma ya Jiko

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Waulize majirani. Mwanangu alipooa mwanamke ambaye kazi yake ni kuangusha miti, nilinuna hadi nikachoka mwenyewe. Nilikuwa nimejiandalia mkwe wa kukaa naye jikoni tukiteta watu. Nikaletewa mtu anayerudi nyumbani na vumbi la mbao kwenye kope, buti zina tope hadi kwenye vifundo, na msumeno wa mashine anaousugua kwa mswaki kabla hata hajanawa uso. Nilikuwa namtania kwamba mume wake hasa ni huo msumeno, mwanangu ni mpangaji tu. Anacheka, kisha anaendelea kusugua.

Mwanangu yeye ni kinyozi. Ana mkono mwepesi, na kuna jambo moja analojivunia kuliko yote: hajawahi kumwacha mteja nusu kichwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, anamalizia kwa mkasi. Tabia hiyo nilimlea nayo mimi, na nusura initie msibani.

Nyuma ya jiko letu la nje kulikuwa na mti mkubwa uliozidi kuinamia jikoni kila mvua ikinyesha. Mkwe wangu aliuzunguka, akaugonga kwa kisigino cha shoka, akaangalia matawi yameelemea wapi, halafu akasema tusubiri. Mti ulioinama, alitueleza, umebeba uzito wake wote upande mmoja na ndani umejikaza. Ukianza kuukata upande usiofaa hauanguki tu, unapasuka. Alitaka kamba nene, alitaka mwenzake wa kazini awepo, na alitaka siku isiyo na upepo. Mpaka hapo mtu asipike humo. Nikahamishia sufuria zangu barazani huku nalalamika, maana kulalamika nako ni kazi, na katika nyumba ile nimeachiwa mimi.

Sasa majirani nao hawakosi maneno. Walizoea kumchokoza mwanangu pale kwenye kibanda chake cha kunyolea: mkeo anaangusha miti, wewe unaangusha ndevu. Alicheka nao, ila neno hilo lilimkaa moyoni. Asubuhi moja, mkewe akiwa kazini, akaenda kwa seremala kuazima msumeno wa mashine, akaja na ngazi pia, na seremala mwenyewe nyuma yake. Alisema anataka kumpunguzia mkewe kazi. Kwani mashine si mashine?

Nilimwona akipanda na ndala miguuni, kichwa kitupu, nikapiga kelele hadi koo likanikauka. Akatia pamba masikioni.

Hesabu yake ilikuwa ya kinyozi. Alitaka mti uangukie uani, mbali na jiko, basi akaegemeza ngazi upande wa uani na kuanza kukata huko huko, mikono ikiwa juu ya mabega. Mti wenyewe umelalia jikoni, yeye anaukata mgongoni. Mnyororo ulikuwa butu. Badala ya kutema vipande vya mbao ulitoa unga na moshi, naye akazidi kuukandamiza kwa nguvu zake zote. Seremala alisimama chini, ameshika ngazi kwa mkono mmoja na mwingine anatolea ushauri.

Upepo ukaanza, na ndipo mkwe wangu akatokea, kwa sababu kazini kwao upepo ukivuma wanafunga kazi. Akasimama kando yangu kwenye tope. Nilitegemea apige yowe. Hakupiga. Mtu aliyeshika mashine inayonguruma, alinieleza baadaye, ukimshtua mkono wake unaruka, na mashine inaruka nao. Alisubiri. Mashine ilipozidiwa na kuzimika yenyewe, akamwita mumewe kwa sauti ile ile anayomwitia chakula.

"Baba watoto, iache hapo hapo, ushuke."

"Namalizia," mwanangu akajibu bila kugeuka. "Siwezi kuuacha nusu."

Akaanza kuvuta kamba ya kuwashia, pale pale juu ya ngazi. Nikamwita na mimi. Nikajibiwa vile vile, anamalizia. Mkwe wangu alikuwa hamwangalii tena mumewe, anaangalia shina. Nikafuata macho yake, nikaona ufa mwembamba umeanzia pale palipokatwa na kupanda juu, umenyooka. Upepo ukasukuma, ufa ukafunguka kidogo, ukajifunga. Hata mimi nisiyejua miti nilielewa kwamba kitu kile kinakaribia kufyatuka, na kifua cha mwanangu kiko mbele yake.

Mkwe wangu akaniinamia sikioni.

"Mama, anguka."

"Nianguke?"

"Hapo ulipo. Sasa hivi, na ulie."

Nimekula chumvi nyingi, na katika nyumba ile mimi ndiye ninayewaambia wengine la kufanya. Tena nilikuwa nimevaa gauni safi. Lakini nataka ijulikane kwamba sikuuliza kwa nini. Nilijibwaga kwenye tope mzima mzima, nikatoa kilio kilichomfanya mbuzi wa jirani akate kamba.

Mwanangu hawezi kuacha kazi nusu kwa ajili ya mke, wala kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Kwa ajili ya mama yake aliyelala chini, ataacha hata kichwa cha rais. Mkewe alilijua hilo, na alilifikiria kwa muda wa kumeza mate, huku mumewe yuko juu na mti unapumua. Mimi niliyemzaa nilikuwa bado napiga kelele tu.

Alishuka ngazi ile kama anayeanguka nayo, akaacha msumeno umekwama kwenye shina. Seremala naye akaja mbio. Walikuwa wamenishika mabega wanataka kuniinua pale nyuma yao ulipotoka mlio nisioutaka tena maishani mwangu. Shina lilipasuka kuanzia kwenye ufa hadi juu. Nusu yake ikaruka nyuma kwa nguvu, ikaipiga ngazi, na vipande vya ngazi vikaenda kugonga ukuta. Sehemu ya juu yote ikalalia jiko langu, mabati yakakunjika. Msumeno wa seremala tuliuokota vipande vipande.

Mwanangu akageuka, akatazama pale ilipokuwa ngazi. Akaketi kwenye tope kando yangu.

Sasa msikilizeni huyu mwanamke. Watu walikuwa wamejaa uani, wale wale wa maneno ya ndevu. Alikuwa na haki ya kumsema mumewe mbele yao hadi aombe ardhi ipasuke. Yeye alipiga magoti, akanimwagia maji usoni, akanipepea kwa kofia yake ngumu, akiwaambia watu wasogee, mama apate hewa. Wakasema ni Mungu aliyenitupa chini, kwamba mama ndiye aliyemwokoa mwanawe. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ni mama. Nilipofungua jicho moja akanibana mkono, nikalifunga. Lakini machozi yalikuwa yananitoka, na hayo sikuwa naigiza. Nilimpenda pale pale, kwenye tope.

Jioni tukinywa chai barazani, mwanangu akaniuliza nilikuwa naumwa nini hasa, ili anipeleke hospitali. Mdomo wangu haujazoea kufungwa siku nzima.

"Siumwi kitu," nikamwambia. "Mkeo aliniambia nianguke."

Akaweka kikombe chini. Mkewe alikuwa mlangoni anasugua mnyororo kwa mswaki, anajitia hasikii.

Upepo ulipotulia, mkwe wangu akaja na mwenzake wa kazini, kamba nene na kofia. Mti ulikuwa bado umelalia jiko, na alisema mti ulioegemea kitu una hila kuliko uliosimama. Alihitaji mtu wa tatu wa kushika kamba kwa mbali. Nilidhani atamtafuta mtu mwingine. Akamvisha mwanangu kofia, akamfungia ukanda wa kidevuni kwa mkono wake.

"Nikisema acha?"

"Naacha."

"Hata ikiwa nusu?"

"Hata ikiwa nusu."

Kisha mkwe wangu akanigeukia mimi, akaninyooshea kidole kule nyuma ya tangi la maji, upande wa pili wa nyumba. Kutoka kule mtu haoni chochote, na mimi napenda kuona. Nikachukua kigoda changu, nikaenda kukaa huko.