Kivuli cha Mama Sare Kileleni

Mtaani walimwita Mama Sare, kwa kuwa nusu ya watoto wa shule za jirani walivaa alichoshona yeye. Alikuwa mjane mwenye mvi za kuhesabika na mdomo usio na kufuli, na kama kulikuwa na kiumbe aliyemshinda kumwelewa, ni mkwewe.

Mkwe huyo alikuwa fundi lifti. Kazi yake kuwapandisha watu maghorofani bila tone la jasho. Likizo ikifika, anabeba begi mgongoni na kwenda kupanda milima kwa miguu yake mwenyewe. Yeye na mkewe walikuwa wamejiwekea nadhiri ya kufika kwenye vilele kumi virefu kuliko vyote nchini. Tisa walikwishafika. Kila waliporudi, nyuso zimebabuka na midomo imepasuka, Mama Sare aliwauliza swali lile lile.

"Mmeleta nini?"

"Hatukuleta kitu, Mama," mkwe alijibu kwa adabu.

"Sasa mlifuata nini?"

Kikabaki kilele kimoja, na binti akashika mimba. Tumbo lilipokuwa kubwa alimwambia mumewe aende tu, asingoje, maana mtoto akishazaliwa mlima utasubiri miaka. Sharti lake lilikuwa moja: asiende na wageni watupu, aende na mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani akatafutwa, hakupatikana. Shemeji mmoja ana pumu, mwingine ana udhuru usiokwisha. Mama Sare, aliyekuwa akipiga pindo la sketi, akasema bila kuinua macho, "Nitakwenda mimi."

Binti alicheka mpaka akajishika mbavu. Alipoona mama yake hacheki, akanyamaza.

"Umri wangu wote nakanyaga cherehani," mama akasema. "Miguu hii unaionaje? Nitampeleka mumeo, na nitamrudisha."

Basi wakaanza mazoezi. Kila jioni, kwenye jengo refu ambalo mkwe alilihudumia, walinzi walimwona fundi lifti na mama mkwe wake wakizipita lifti nzima zisizo na kasoro, wakishika ngazi hadi juu na kurudi. Walinzi wakahitimisha kwamba lifti zile si za kuaminika, wakaanza kutumia ngazi nao.

Mlimani walipokewa na mwongozaji, mwanamke mkakamavu ambaye wenzake walimpa jina la Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alizungumza msituni, akazungumza kwenye nyasi ndefu, akazungumza hata pale miti ilipokwisha na upepo ukaanza kumnyang'anya maneno. Mkwe yeye alikuwa na taabu nyingine. Ataanzaje kuhema kama mbwa mbele ya mama mkwe? Akawa anageuka pembeni, anajifanya anatazama mandhari.

"Hema tu, mwanangu," Mama Sare akamwambia mwishowe. "Hata mimi nahema, ila nasingizia kukohoa."

Siku ya kilele waliondoka kambini kulipopambazuka, wao wawili, Kimya, na mpagazi mmoja. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima gubigubi. Walipanda kwenye mteremko wa changarawe, hatua moja mbele, nusu nyuma. Kilele kilikuwa karibu kabisa, Kimya akisema hata ukirusha jiwe linafika, mguu wa mkwe ulipoteleza na goti likajipinda. Alikaa chini taratibu, uso umemsawajika. Alijaribu kusimama. Goti likakataa.

Mama Sare akavua mtandio wake shingoni na kupiga magoti.

"Hapana, Mama, usijisumbue," mkwe akasema, akiuvuta mguu kwa haya.

"Hapa hakuna mkwe. Kuna goti tu. Tulia."

Alilifunga kwa mikono ile iliyozoea kitambaa, likakaa imara. Kisha wakatazamana, wote wakijua kwamba mkwe hatafika kileleni. Kimya alisema watashuka polepole, mpagazi upande huu, yeye upande ule.

"Subirini kwanza," mkwe akasema. "Mama, nenda na Kimya. Si mbali. Mimi nitakaa hapa na huyu bwana."

"Nimekuja kukulinda wewe. Huko juu sina jamaa."

"Nakuomba, Mama. Isiwe hakuna aliyefika."

Hakuwa amewahi kumwomba kitu tangu siku ya posa. Mama Sare akainuka.

Juu kulikuwa na mawe na weupe mtupu. Alisimama, moyo ukidunda masikioni, akajisemea kimoyomoyo kwamba alikuwa sahihi miaka yote. Hapakuwa na kitu. Ndipo upepo ulipogeuka. Nyuma yake jua likatoboa, na mbele yake ukungu ukashuka, ukatanda chini ya miguu yake mpaka upeo wa macho, na vilele vingine vikachomoza humo kimoja kimoja. Kimya akamwonyesha kwa kidole: kile, na kile, na kile cha mbali. Ndivyo binti yake alivyovipanda.

"Na nyumbani ni wapi?"

"Nyuma ya kile kirefu, chini huko. Hakuonekani."

Nyumba yake, cherehani, kaburi la mumewe, kila mtu aliyewahi kumpenda au kugombana naye, vyote vilikuwa chini ya weupe ule, na weupe ule ulikuwa kimya. Alipoinamisha macho, akamwona mtu.

Alikuwa amesimama juu ya ukungu, mrefu kama mnara, mweusi, na kichwa chake kimezungukwa na pete ya rangi zote za upinde wa mvua. Mama Sare aliinua mkono taratibu. Yule naye akainua.

"Nimeitwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kivuli chako, Mama. Jua liko nyuma yetu."

"Na kivuli chako wewe mbona hakina pete kichwani?"

"Ninayo. Mimi naona ya kwangu tu, wewe ya kwako. Ndivyo ilivyo." Baada ya hapo Kimya hakusema neno.

Walisimama mpaka ukungu ulipopanda tena na kumfuta yule mtu, kuanzia miguuni. Mama Sare aligundua mashavu yake yamelowa, na hakujua tangu saa ngapi.

Mkwe alipowaona wanateremka hakuuliza kama wamefika. Alimtazama usoni, akasubiri. Yeye, mwanamke asiyewahi kukosa la kusema, alikaa kando yake kwenye changarawe akitafuta pa kuanzia.

"Nilijiona," akasema. Akamweleza. Mkwe alikuwa amefika vilele tisa na hajawahi kukutana na jambo hilo. Alimwomba arudie, na aliporudia, akafumba macho ili asikie vizuri.

Walishuka wakimkokota, kambi hadi kambi. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike, na kiangazi kilichofuata mkwe alirudi mlimani akafika. Anga lilikuwa jeupe pe, hakuna hata utando wa wingu. Aliporudi, Mama Sare alikuwa na mjukuu mapajani.

"Umemwona?"

"Sikumwona, Mama. Kulikuwa na jua tupu."

Mama Sare alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Halafu akampa mtoto ampakate, akaenda kuzitafuta raba zake, na kumuuliza binti yake ni mlima upi uliokuwa na ukungu mwingi kuliko yote.